Stoo imejaa, imejaa deni

Mwishoni mwa Aprili 2022 Indonesia ilipiga marufuku kuuza nje mafuta ya mawese. Siku zilezile nikapigiwa simu na mteja wangu, mama mwenye duka la vyakula Ngamiani, hapa Tanga, na tanuri la mikate uani. "Baba, nimekopa, nimejaza ndoo za mafuta stoo nzima. Yakipanda tena, mimi nalala usingizi." Mimi ndiye ninayemwekea hesabu. Nikanyamaza, maana kwenye kukopa hakuniuliza.

Mei 23 marufuku ikaondolewa. Kufika Julai mawese yalikuwa yameporomoka soko la dunia. Ndoo zilizonunuliwa bei ikiwa juu zikabaki zinamtazama, na rejesho la benki halina habari na Indonesia.

Mama aliogopa bei, akakimbilia riba. Kujaza stoo kwa pesa yako ni jambo moja. Kwa pesa ya mkopo, hatari ya bei kushuka unabaki nayo na unajiongezea nyingine juu yake.

Nilimkokotolea kwa unga wa ngano, kwa tarakimu za mfano. Mifuko 100 ya kilo 50, kila mmoja shilingi 75,000, ni milioni 7.5. Mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ukiwa haujaanza kupungua, unakula 112,500 kwa mwezi, yaani 1,125 kwa kila mfuko. Mfuko ukikaa miezi mitatu, lazima uwe umepanda zaidi ya 3,375 ndipo uanze kuzungumzia faida. Hapo sijagusa fukusi, wala unyevu wa masika ya Tanga unaogandisha unga hata ukiwa juu ya chaga.

Kampuni kubwa za ng'ambo hufunga bei ya ngano mapema katika soko la Chicago, na riba inayopanda na kushuka huibadilisha na benki kwa isiyobadilika, kwa mikataba maalumu. Sisi wa Barabara ya 12 tunabanana na tulichonacho. Mkopo wa tanuri, ambao ni wa miaka, tuliutafutia riba isiyobadilika. Wa bidhaa tunauchukua mfupi, uishe pamoja na mzigo. Na muuzaji wa jumla alikubali kutushikia bei kwa wiki sita, sisi tukamwahidi idadi ya mifuko. Bei yake ilikuwa juu kidogo ya soko siku ile. Mama alinuna, mimi niliiona rahisi.

Swali ninaloulizwa sana: Benki Kuu ikishusha riba, na yangu inashuka? Riba yake, iliyoanza kutumika Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ilipandishwa hadi 6 Aprili mwaka huohuo, ikashushwa hadi 5.75 Julai 2025. Hiyo huongoza zaidi bei ya benki kukopeshana zenyewe kwa muda mfupi. Kwako inafika kwa kuchelewa, au haifiki. Soma mkataba wako, hasa kile kifungu cha maandishi madogo kinachoipa benki ruhusa ya kubadili riba kwa taarifa tu.

Kupunguza uzito wa andazi sikushauri. Watoto wa shule ndio wa kwanza kugundua.

Siku hizi mlangoni mwa stoo mama ameandika kwa chaki: 1,125. Dalali akija na "wahi, wiki ijayo unapanda", anaulizwa, "Unapanda shilingi ngapi?"