Kabla hujavunja nyumba Mji wa Kale wa Mombasa, pita ofisi ya hifadhi kwanza

Watu wengi wanatufikia hapa ofisi ya hifadhi wakiwa wamechelewa. Nyumba ishanunuliwa, kontrakta ashalipwa, ukuta wa mbele ushavunjwa, ndio mtu anaambiwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na kuna Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, na Fort Jesus yenyewe, ile ngome ya zamani, ni Urithi wa Dunia tangu 2011 kwa hivo kinachojengwa karibu nayo kinaangaliwa sana. Hapo hasara ni yake, na nyumba haiwezi kurudi.

Nataka ieleweke, hifadhi haikatazi mtu kutengeneza nyumba yake au kupata kodi ya wapangaji. Ndani unaweza kuomba kuweka choo cha kisasa, nyaya mpya, vyumba vya wageni juu na duka chini, hayo yanazungumzika. Tunachoshikilia sana ni urefu, uso wa nyumba, milango ya nakshi na zile roshani za mbao zinazotazama barabara ya Ndia Kuu.

Sasa shida kubwa kuliko developa wa maghorofa ni saruji. Kuta za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na zinapumua, unyevu unaingia na kutoka. Fundi akija akapiga plasta ya saruji kwa nia njema kabisa, maji yanafungiwa ndani, chumvi inakusanyika, plasta inabanduka na kuondoka na jiwe lenyewe, na vichwa vya boriti za mikoko vilivyoingia ukutani vinaoza kimya kimya mpaka dari inashuka, alafu watu wanasema nyumba imezeeka, ivunjwe. Haijazeeka! Imefungwa pumzi. Chokaa inachukua muda kukauka na mafundi wanaoijua wamepungua, hilo ni kweli, lakini ndio dawa. Na tangi likivuja juu ya paa au maji ya eyasii (kiyoyozi) yakitiririka ukutani, ziba leo, usingoje masika.

Kuna nyumba nyingine hazina mtu wa kuamua, ni za mirathi, warithi wako kumi, mmoja Dubai mwengine Malindi, hakuna anayetoa pesa ya paa. Nawasihi mkae kitako mchague mmoja wenu wa kusimamia, hata kabla ya kugawana, manake mvua haingoji mirathi.

Kuhusu ghorofa ndefu: vichochoro vyetu gari la zimamoto halipiti, nyumba zimeegemeana, na ukichimba msingi wa ghorofa nane kando ya ukuta wa matumbawe ni jirani ndiye anayepasukiwa nyumba. Mji lazima ukue, vijana wanataka kazi na pa kukaa, na mimi naunga mkono, ila ghorofa ndefu ziende ng'ambo ya Digo Road, nje ya Mji wa Kale, kwenye barabara pana, na huko pia maji taka yaangaliwe kabla ya plani kupitishwa.

Kwa hivo ukitaka kununua au kutengeneza, njoo na hati ya kiwanja, picha za nyumba nje na ndani, na mchoro hata wa kalamu tu. Njoo kabla ya kwenda kaunti kuomba kibali cha ujenzi, na umlete fundi wako, tutakwenda naye tuangalie ukuta pamoja.