Kanisa Lina Mabilioni, Kasisi Anaombaje Msaada?

Ujumbe ule ule umezunguka tena katika kundi letu la WhatsApp la Waanglikana tunaozungumza Kiswahili hapa Uingereza: picha ya kanisa kuu, chini yake tarakimu ya pauni bilioni 10, na swali la kejeli linalouliza imekuwaje kanisa lenye ukwasi huo likawa na makasisi wanaoomba msaada wa kununua mashine ya kufulia. Kwa kuwa kazi yangu ni kupokea na kuchambua maombi ya ruzuku ya makasisi na familia zao katika mfuko mmoja wa hisani, swali hili huniangukia mimi kila linapozuka, nami hulijibu kwa upole. Leo nalijibu kwa urefu, ili siku nyingine niwe natuma kiungo tu na kuendelea na kazi.

Tarakimu yenyewe ni ya kweli. Taasisi iitwayo Church Commissioners inasimamia wakfu wenye thamani ya zaidi ya pauni bilioni 10 kwa ajili ya Kanisa la Uingereza. Kosa liko katika kinachofuata, pale msomaji anapodhani kwamba kuna kapu moja liitwalo Kanisa, ambamo fedha zote hutiwa na kuchotwa. Kanisa la Uingereza lina dayosisi 42, na kila dayosisi ina hesabu zake. Kila parokia nayo ina hesabu zake. Church Commissioners huwagharimia maaskofu, husaidia makanisa makuu na dayosisi zenye kipato kidogo, na hulipa pensheni ambazo makasisi walizitumikia kabla ya mwaka 1998. Posho ya kasisi wa parokia wa leo, yaani malipo anayopewa ya kuishi, pamoja na mchango wa pensheni yake ya miaka ya baadaye, hutokana kwa sehemu kubwa na kile ambacho waumini humtolea Mungu parokiani na parokia ikakipeleka dayosisi. Waumini wakipungua, parokia huunganishwa, na kasisi mmoja hujikuta na makanisa matano ya vijijini na gari moja lililochakaa. Huyo ndiye anayefika mezani kwangu. Bilioni 10 sijawahi kuziona zikipita.

Mwenye kumbukumbu nzuri atanikatiza hapa na kusema kwamba sehemu ya wakfu huo ilianzishwa hasa kwa ajili ya makasisi maskini. Ni kweli, na hiyo ni hoja bora kuliko ile ya kwenye picha. Mwaka 1704 Malkia Anne aliachia malipo ambayo makasisi walikuwa wakiyatoa kwa Taji la Uingereza, yaani mapato ya mwaka wa kwanza wa cheo na fungu la kumi la kila mwaka uliofuata, ili yaongezee kipato cha parokia zilizokuwa fukara. Mfuko huo, ulioitwa Queen Anne's Bounty, uliunganishwa na Ecclesiastical Commissioners, taasisi nyingine iliyosimamia mali za Kanisa, mwaka 1948, na huko ndiko Church Commissioners ilikozaliwa. Lakini mfuko huo ulikuwa unakisaidia cheo, haukuwa unamsaidia mtu. Ulinunua ardhi ili yeyote atakayeshika parokia ile anufaike na mapato yake, na siku kasisi alipofariki, mapato yalimfuata kasisi mpya, wala mjane hakuwa na chake. Tena sehemu ya fedha hizo iliwekezwa katika South Sea Company, kampuni iliyosafirisha Waafrika utumwani kuvuka Atlantiki. Church Commissioners wenyewe walilikiri hilo hadharani, na Januari 2023 wakatangaza kutenga pauni milioni 100 kwa sababu hiyo. Anayetaka kulibana Kanisa kuhusu utajiri wake, basi, ana mahali pazito zaidi pa kuanzia kuliko mashine ya kufulia ya kasisi.

Pengo hilo la mjane lilikuwapo hata kabla ya Malkia Anne, na ndilo lililozaa mifuko ya aina ninayoitumikia. Mwaka 1655, Oliver Cromwell akitawala Uingereza isiyo na mfalme na makasisi wengi wakiwa wamefukuzwa parokiani kwa kushikamana na mfalme na maaskofu, baadhi ya watoto wa makasisi waliokuwa wafanyabiashara jijini London waliandaa ibada katika Kanisa Kuu la St Paul's na kukusanya sadaka kwa ajili ya familia hizo. Mwaka 1678 Mfalme Charles II aliwapa hati ya kifalme, iliyowataja bayana wajane na watoto maskini wa makasisi. Shirika hilo lipo hadi leo, na tangu mwaka 2019 linaitwa Clergy Support Trust. Historia yake ni ndefu, lakini naiachia hapo, kwa sababu nataka kufika kwenye nyumba.

Nyumba ndilo jambo linalonikera kuliko yote, kwa maana hata watu wenye ujuzi wa fedha hulikosea. Kasisi wa parokia hupewa nyumba bila kulipa pango, kwa kawaida yenye vyumba vinne vya kulala na chumba cha kusomea, na kodi ya baraza la mji humlipia dayosisi. Basi jirani hupiga hesabu: posho, ambayo mwaka 2024 ilikuwa chini kidogo ya pauni 30,000 kwa mwaka, jumlisha pango ambalo halipi, mbona hali ya kasisi ni nzuri kuliko yangu? Hesabu hiyo ni sahihi ukiitazama kwa mwezi mmoja, na ni potofu kabisa ukiitazama kwa maisha ya mtu.

Kwanza, kasisi hakuchagua ukubwa wa nyumba hiyo, wala hawezi kuhamia ndogo zaidi mambo yakimzidi, lakini kuipasha joto ni juu yake. Fomu yetu ina safu za matumizi ya kila mwezi, na baada ya bei za gesi na umeme kupanda mwaka 2022 nimejizoeza kuisoma safu ya nishati kabla ya zote. Nikimuuliza mwombaji anapasha vyumba vingapi, jibu ambalo nimelizoea ni viwili: jikoni, ambako watoto hufanyia kazi za shule wakiwa na makoti, na chumba cha kusomea, kwa sababu humo ndimo anamopokea waliofiwa waliokuja kupanga mazishi, naye anaona aibu wakae wakitetemeka. Anayeiona nyumba hiyo kutoka barabarani huona kasisi anayeishi kama tajiri.

Pili, na hili ndilo kubwa, nyumba hiyo ni ya cheo. Mtu anayeanza utumishi akiwa na miaka 30 na kustaafu akiwa na miaka 68 huwa amekaa karibu miaka 40 katika nyumba ambazo hakuna hata tofali moja lililo lake, wakati wenzake aliosoma nao walikuwa wanalipa mkopo wa nyumba kidogo kidogo. Akifa kazini, familia yake hupewa muda kisha huondoka. Namwomba msomaji alitafakari hilo polepole: mjane, au mgane, kwa kuwa wanawake nao wamekuwa wakipewa upadre katika Kanisa la Uingereza tangu mwaka 1994, humpoteza mwenzi wake, kipato cha nyumbani, makazi, mara nyingi na shule ya watoto, pamoja na usharika ambao ndio uliokuwa jamaa yake, yote ndani ya mwaka mmoja. Ndoa ikivunjika ni vivyo hivyo, isipokuwa huruma huwa haba zaidi, kwa sababu wasiokuwa makasisi katika ndoa hizo huondoka nyumba ya kasisi wakati parokia ingali ikimwamkia yule aliyebaki kila Jumapili. Kuna kikundi kizima, Broken Rites, kilichoundwa na watu walioachana na makasisi, na wala hakikuundwa kwa kukosa kazi ya kufanya. Bodi ya Pensheni ya Kanisa ina mpango wa kuwapangisha wastaafu nyumba, mpango wenye manufaa makubwa, lakini pango hilo linahitaji pensheni, na mwaka 2011 kiwango cha pensheni kamili kilishushwa kutoka theluthi mbili hadi nusu ya posho ya chini ya kitaifa. Mwaka 2025 ulitangazwa mpango wa kukirejesha, jambo ambalo sisi tunaosoma fomu tulilipokea kwa furaha isiyo na kelele.

Dhana ya kwamba kasisi anayeomba hajui kutunza fedha nitaipitia upesi, kwa kuwa haistahili muda mrefu. Wapo wasiojua, kama walivyo wahasibu wasiojua. Madeni mengi ninayoyaona yalianza wakati wa masomo ya upadre, pale mtu alipoacha kazi yenye mshahara, akahama na familia, mwenzi wake naye akaacha kazi ili wahame pamoja, kisha kadi ya mkopo ikaziba nafasi hiyo. Riba ikafanya yaliyobaki.

Linalostahili muda ni swali la pili ambalo kundi letu huuliza: kwa nini kasisi asimwendee askofu wake? Wengine humwendea, na dayosisi nyingi zina vifungu vya dharura. Lakini kasisi kwa kawaida si mwajiriwa, ni mshika ofisi, yaani ana cheo bila mkataba wa ajira, na askofu huyo huyo ana sauti kubwa katika kuamua atapelekwa parokia gani baada ya hii. Kumweleza mtu wa namna hiyo kwamba una madeni ambayo mke wako hayajui si jambo dogo. Ndiyo maana uhuru wa mifuko hii una thamani kuliko ukubwa wa ruzuku zake. Nikipokea ombi, simpigii askofu simu, simwandikii mwenyekiti wa parokia, wala sihitaji barua ya mtu yeyote kwamba mwombaji ni mcha Mungu. Nahitaji taarifa za benki, bili, na maelezo ya ukweli.

Sasa niseme nisiyoyasema katika semina. Sina hakika kama kazi yetu haiisaidii taasisi kuliko inavyomsaidia mtu. Tukimnunulia kasisi wa parokia, anayefanya kazi kwa muda wote na kulipwa posho kamili, sare za shule za watoto wake mwaka huu na mwaka ujao, tunaziba upungufu ambao ungepaswa kuonekana katika bajeti ya dayosisi na kujadiliwa kwenye sinodi, yaani baraza la maamuzi la kanisa. Tunatakiwa tusilipe kile ambacho mwingine anawajibika kukilipa, lakini hakuna sheria inayosema posho itoshe kulea watoto watatu, kwa hiyo hapo mpaka huyeyuka. Jibu la wenzangu ni kwamba mtoto hawezi kusubiri sinodi, na sijapata la kuwajibu. Sina hakika pia kuhusu ukomo wa akiba ambao mwombaji akiuvuka hapewi ruzuku. Tunapomnyima ruzuku mtu aliyejiwekea fedha benki, tunamwadhibu kasisi yule aliyetusikiliza na kuanza kudunduliza kwa ajili ya nyumba ya kustaafia, na tunamsaidia jirani yake ambaye hakudunduliza. Nimeyaona maombi ya namna hizo mbili yakifuatana katika faili moja, nami nimeyaamua kwa mujibu wa kanuni, bila kuridhika.

Wanaoniandikia kutoka nyumbani, Tanzania na Kenya, kuuliza kama mchungaji wao anaweza kuomba, jibu langu ni kwamba mifuko ya hapa imefungwa na hati zake kwa wanaohudumu katika makanisa ya Kianglikana ya Uingereza, Wales, Scotland na Ireland. Msiwaombee ruzuku ambayo wadhamini hawana mamlaka ya kuitoa. Kinachoamua, hata hivyo, ni huduma, wala si paspoti. Kasisi aliyetoka Dodoma au Mombasa akapewa parokia hapa husomewa fomu yake kama mwingine yeyote, naye ndiye ambaye mara nyingi haombi, kwa sababu viza yake imeandikwa kwamba haruhusiwi kutumia fedha za umma. Fedha za umma zinazokatazwa ni mafao yaliyoorodheshwa katika kanuni za uhamiaji. Ruzuku ya shirika la hisani haimo katika orodha hiyo. Anayetaka kugusa mafao ya serikali ndiye anayepaswa kumwona kwanza mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Anayehitaji makoti ya watoto kabla ya Novemba ajaze fomu, aambatishe bili zote, na ile safu ya nishati asiiache wazi.