Mbona nesi wa dispensari alikua mkali hivo wakati wa korona?

*Kwani walituchoka ama?*

Walichoka, lakini si nyinyi mliowachosha, ni kazi. Dispensari nyingi hapa Kenya hazina daktari, ni nesi mmoja ama wawili, wakibahatika wana klinikal ofisa (anatibu ila si daktari), na huyo nesi ndo huchanja watoto, hupima kina mama wajawazito, hugawa dawa za presha, na mtu akija na uchungu usiku anamzalisha. Sasa kisa cha kwanza kikatangazwa tarehe 13 Machi 2020, akaongezewa kupima watu joto mlangoni, kuuliza kila mtu amekohoa tangu lini, kupanguza viti na dawa, na mwenzake akiwekwa karantini wiki mbili anabaki na foleni yote peke yake. Halafu jioni anaogopa kushika mtoto wake.

*Lakini si kila mtu huchoka?*

Uchovu wa kawaida ukilala unaisha, huu wa kazi, kwa Kiingereza burnout, hauishi. WHO, Shirika la Afya Duniani, iliutaja mwaka 2019 kwa orodha yake mpya ya magonjwa, si kama ugonjwa, ila kama hali inayoletwa na presha ya kazi ya muda mrefu. Mtu anaishiwa nguvu, anaanza kuichukia kazi aliyoipenda, na anaona anachofanya ni bure tu. Hapo ndo unajibiwa vibaya dirishani.

*Na ule mgomo? Kuacha wagonjwa si unyama?*

Nilikua nasema hivo pia. Manesi na klinikal ofisa waligoma tarehe 7 Disemba 2020, madaktari wakafuata tarehe 21, na walichotaka ni vifaa vya kujikinga, bima na marupurupu ya hatari. Mwezi huohuo daktari wa miaka 28 alikufa na korona, kumbe hajalipwa miezi kadhaa. WHO inakadiria wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walikufa duniani toka Januari 2020 hadi Mei 2021. Wagonjwa waliumia na mgomo, hilo sikatai, ila mtu hawezi kukuokoa na glavu za kuhesabiwa.

*Wale wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba je?*

Wengi hawakua na mshahara, na ndo walikua wa kwanza kubisha mlangoni kwako.

*Sasa mimi mgonjwa nifanye nini kukitokea mlipuko mwingine?*

Usikatishe dawa. Wakati wa korona wagonjwa wa ARV (dawa za virusi vya ukimwi) ambao hali yao imetulia walipewa za miezi mitatu kwa mara moja, foleni ikapungua, kwa hivo hata wewe wa presha ama sukari uliza kama inawezekana. Chanjo ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18 mtoto asikose ati unaogopa kliniki, maana surua yenyewe haingoji korona iishe. Na ukiwa na homa na kikohozi sema ukiwa bado getini, usingoje mpaka ukae benchi katikati ya kina mama wajawazito.