Blanketi nene haliponyi tandiko linalobana

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wafuga farasi hapa Dar es Salaam kuna ujumbe unaorudi kila mara: nunua tandiko lolote la Kimarekani (kiti cha kupandia farasi cha mtindo wa wachunga ng'ombe wa Marekani) la bei nafuu, likimbana farasi ongeza blanketi nene chini yake.

Si kweli. Kiatu kinachokubana huwezi kukitibu kwa kuvaa soksi mbili. Tandiko la Kimarekani lina kiunzi kigumu ndani, cha mbao au plastiki, na ndicho kinachosambaza uzito mgongoni. Kikiwa chembamba kuliko mgongo, blanketi huzidisha kubana. Kiunzi kikiwa kipana kidogo tu kuliko mgongo, blanketi husaidia, na nadhani hapo ndipo uvumi ulipoanzia. Halafu kuna inchi: 15 au 16 inayotajwa na muuzaji ni kipimo cha kiti cha mpandaji, wala haisemi lolote kuhusu mgongo wa farasi.

Kwa farasi ambaye ni vigumu kumpatia tandiko linaloenea mgongo wake, chukua waya mnene wa umeme, hata wa Kariakoo. Ukunje juu ya mgongo, nyuma kidogo ya mfupa wa bega, uchore umbo lake kwenye boksi, ukate, uende nalo kwa muuzaji wa mitumba, ulilinganishe na tandiko kabla ya kulipa. Liweke tandiko mgongoni mwa farasi bila blanketi, upitishe kiganja chini yake. Kikikwama sehemu moja, liache. Nywele nyeupe zinazoota mgongoni mara nyingi ni kovu la mbano wa zamani.

Tafadhali, ujumbe ule ukikufikia, usiusambaze. Anayeumia hawezi kujibu kwenye kundi.