"Fundi, imeungua ghafla"

Mota ya kinu, hosipawa 20, iliteremshwa kwenye bajaji mlangoni kwangu Mabatini, hapa Mwanza. Kabla haijagusa chini, mwenyewe alishatoa hukumu: "Fundi, jana ilikuwa nzima kabisa. Umeme ulikatika, uliporudi tu ikaungua ghafla." Maneno hayo nayajua kwa moyo. Kuanzia Igoma mpaka Buhongwa wanayasema vilevile, utadhani wamefundishwa na mwalimu mmoja.

Nikafungua kava. Beringi ya upande wa puli ilikuwa imekwisha: gololi zimeota vidonda, kishikio chake kimekatika vipande, grisi nyeusi kama lami. Rota, ile sehemu inayozunguka, ilikuwa imelalia upande mmoja na kuikwangua stata, ile iliyotulia yenye koili, mpaka chuma kinang'aa. Umeme hauna kucha, bosi. Nikamgeukia kijana wake wa kinu, nikamuuliza kama mota ilikuwa inalia. "Ilikuwa inalia, fundi, ila ilikuwa inasaga."

Basi hiyo ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote: kwamba mota haichakai, inafanya kazi siku zote halafu siku moja umeme unaiua. Ndani ya mota kuna kitu kinachozunguka mara 1,440 hivi kwa dakika juu ya beringi mbili, mkanda ukiivuta upande mmoja kutwa nzima. Na huo mkanda wengi mnaukaza mpaka unalia kama uzi wa zeze, eti usiteleze. Beringi ya mbele ndiyo inayolipa.

Beringi inayokufa husema mapema. Mimi natumia bisibisi ndefu: ncha naigusisha kwenye kava pale beringi inapokaa, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, mikono ya shati nimeikunja mbali na mkanda. Mota nzima ina mvumo mmoja laini. Iliyokauka grisi inapiga mluzi. Iliyochakaa inanguruma kama kokoto kwenye kopo, na hapo usingoje mwezi uishe. Kisha zima umeme, toa mkanda, shika shafti uitikise juu na chini. Ukisikia inacheza, ama beringi imekwisha au kiti chake kwenye kava kimeliwa. Kiti kikiliwa, beringi mpya haitakusaidia, itazunguka humo humo. Na yule fundi anayepiga panchi kuzunguka kiti ili beringi "ishike" amekuazima miezi michache tu. Kava ipelekwe kwa mkerezaji.

Usiniambie ulipima ampia zikawa sawa. Beringi inaweza kunguruma wiki nzima ampia zisisogee. Zikipanda, rota imeshaanza kugusa.

Mota kuungua kwa umeme kupo, sikatai, ila koili zenyewe zinasema. Zote zikiwa nyeusi sawasawa, uliizidishia mzigo, au pumba zimeziba njia ya hewa ya feni. Sta na delta ni namna mbili za kuunganisha koili. Mota iliyofungwa sta ikikosa fezi moja, yaani waya mmoja kati ya mitatu inayoleta umeme, mafungu mawili ya koili yanaungua na la tatu linabaki safi kama limesukwa jana. Ya delta, linaungua moja na mawili yanapona. Hata hapo, kabla ya kuwashukia TANESCO, fungua kontakta yako, ile swichi ya sumaku inayowasha mota, utazame ncha zake, kaza na skrubu za fyuzi. Mara nyingi fezi imepotelea ndani ya boksi lako mwenyewe. Ovalodi nayo, ile inayokata umeme ampia zikizidi, ilikuwa wapi? Ilipandishwa na mtu kwa sababu "ilikuwa inasumbua kukatakata." Namba sahihi ya ampia ipo kwenye kibao cha mota. Nenda kaitazame leo, halafu iandike kwa mkaa ukutani juu ya swichi.

Ya kiganja nayo nimeisikia sana: mota ukiigusa ikakuunguza, ni mbovu. Kiganja kinashindwa kwenye nyuzi 60 hivi. Kibao kikiandikwa F, vanishi na karatasi za ndani zimetengenezwa kustahimili nyuzi 155, kwa hiyo bodi kuwa na joto peke yake hakusemi kitu. Ya kukushtua ni mota iliyozidi joto lake la kila siku na mzigo ni uleule.

Grisi nyingi? Hapana. Ukiijaza beringi mpaka inafura, gololi zinakoroga grisi badala ya kuviringika, inachemka na kuvujia kwenye koili. Nafasi iliyomo ndani, theluthi moja hadi nusu inatosha. Beringi yenye mpira pande zote mbili, yenye alama ya 2RS, usiitoboe kuiongezea. Iache.

Halafu kuna pampu ndogo za fezi moja, zile za kuvuta maji ziwani kumwagilia nyanya. Inavuma, haizunguki, ukiisukuma kwa kijiti inaondoka vizuri. Mwenyewe anasema koili zimekwisha. Kwanza shuku kapasita, kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Mmoja alipanda meli kutoka Nansio na pampu nzima begani, nauli ya kuja na ya kurudi, kumbe kilichokufa kilikuwa kikopo kinachoingia mfukoni. Nilimbadilishia akiwa amesimama, chai niliyomwagizia haijafika.