Timu ya Riadha ya St. Patrick's Iten Haikuanzishwa na Bingwa wa Ukocha

Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba Shule ya Upili ya St. Patrick's, iliyoko Iten katika Bonde la Ufa nchini Kenya, ilipata umaarufu wa riadha baada ya kuletewa kocha mtaalamu kutoka Ayalandi. Ukweli ni tofauti, na kwa maoni yangu unawapa wanafunzi wenyewe heshima kubwa zaidi.

Bradha Colm O'Connell, mtawa Mkatoliki kutoka Ayalandi, alipofika mwaka 1976 alikuwa mwalimu wa jiografia asiyekuwa na mafunzo yoyote ya riadha. Timu ilikuwepo tayari, ikinolewa na Mwingereza Peter Foster, nduguye Brendan Foster, mwanariadha aliyetwaa shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka huohuo. Foster alipoondoka, Bradha Colm aliirithi kazi hiyo na kujifunza ukocha kwa kuwatazama vijana wakikimbia. Miongoni mwa waliopitia shuleni hapo ni Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na Matthew Birir, bingwa wa mbio za kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Katika ua wa shule imepandwa miti yenye vibao vya majina ya mabingwa.

David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800, naye huhesabiwa kimakosa kuwa mwanafunzi wa St. Patrick's, lakini alisoma Kimuron, shule nyingine ya Iten, ingawa kocha wake alikuwa Bradha Colm huyohuyo.