Uasi wa Wagner: yaliyosambazwa na yaliyotokea

Usiku wa Juni 23, 2023, Yevgeny Prigozhin, bosi wa kundi la mamluki la Wagner, alituma ujumbe wa sauti kupitia Telegram akidai kwamba jeshi la Urusi limeshambulia kambi za watu wake. Kesho yake usiku uasi ulikuwa umeshakwisha. Ni kama siku moja tu, lakini uvumi uliozaliwa humo unasimuliwa hadi leo kana kwamba ulithibitishwa.

"Warusi waliwapokea waasi kwa shangwe." Dhana hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote, na chanzo chake ni video za Rostov-on-Don, mji wa kusini mwa Urusi ambao Wagner waliuingia Juni 24 kabla msafara wao haujaelekea Moscow. Watu wanapiga picha mbele ya vifaru, wengine wanawapelekea wapiganaji maji na chakula, na kifaru kimoja kimenasa kwenye lango la jengo la sarakasi. Usiku Prigozhin anaondoka, kioo cha gari kimeshushwa, watu wanampa mkono. Polisi waliporejea mitaani, baadhi ya watu waliwazomea.

Yote hayo yalitokea kweli. Ila Rostov ina wakazi zaidi ya milioni moja, na picha nyingi zilipigwa katika mitaa michache inayozunguka makao makuu ya Kanda ya Kijeshi ya Kusini. Aliyejifungia ndani na wanawe hakuna aliyemrekodi. Zipo pia video za siku hiyohiyo ambamo wakazi wanabishana na wapiganaji ana kwa ana, lakini hizo hazikusambaa sana. Na tusisahau kwamba anayempa maji mtu mwenye bunduki huenda anampenda, huenda anamhurumia, na huenda anamwogopa. Video haitwambii ni lipi kati ya hayo.

Kura ya maoni ya Levada, kituo cha utafiti cha Urusi, iliyoendelea kuchukuliwa wakati mambo hayo yakitokea, ilionyesha idadi ya waliomkubali Prigozhin ikishuka kutoka asilimia 58 hadi karibu 30. Katika nchi iliyo vitani, ambako kumkosoa mkubwa kunaweza kukufikisha jela, takwimu hizo nazo zisomwe kwa tahadhari. Hata hivyo haziendani kabisa na hadithi ya taifa zima kushangilia. Moscow kwenyewe umma haukumiminika barabarani kumtetea Prigozhin, wala kumtetea Putin.

"Televisheni ya serikali ilinyamaza." Haikunyamaza. Channel One ilikatiza vipindi usiku kutoa taarifa ya dharura na kuyakanusha madai ya Prigozhin, na asubuhi ya Juni 24 hotuba ya Putin, aliyeuita uasi huo usaliti na kuufananisha na mapinduzi yaliyoikuta nchi mwaka 1917, ilirushwa nchi nzima. Kilichokosekana ni maelezo: msafara wa Wagner umefika wapi, nani amekufa, mwananchi afanye nini. Pengo hilo ndilo lililowasukuma watu Telegram, ambako habari ya kweli na uzushi vilipita mlango mmoja.

"Intaneti ilizimwa." Google News ilizuiwa na baadhi ya watoa huduma, lakini Telegram iliendelea kupatikana kwa sehemu kubwa ya nchi. Prigozhin mwenyewe aliitumia hadi mwisho.

"Putin alitoroka Moscow." Madai haya yalitokana na ramani za safari za ndege zilizoonyesha ndege ya kikosi cha rais ikielekea kaskazini-magharibi. Msemaji wake alisema rais yuko Kremlin anafanya kazi. Ramani huonyesha ndege ilipo, haionyeshi aliyeketi ndani yake.

"Hakuna damu iliyomwagika." Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Prigozhin alipotangaza kurudi nyuma, msafara ukiwa kama kilomita 200 kutoka Moscow, alisema halijamwagika hata tone la damu ya wapiganaji wake. Wengi walioinukuu kauli hiyo waliwaacha nje "wapiganaji wake", ikabaki habari ya uasi usio na kifo. Ukweli ni kwamba Wagner walitungua helikopta kadhaa na ndege ya kijeshi aina ya Il-22. Prigozhin mwenyewe alieleza majuto yake kwa kuzitungua, na Juni 27 Putin aliwasimamisha wanajeshi kimya kwa dakika moja kuwakumbuka marubani waliokufa. Vyombo vingi vya habari vilikuwa vimeshahamia kwenye mkataba wa kumaliza uasi uliosimamiwa na Lukashenko, rais wa Belarus, na marubani hao wakapewa mstari mmoja mwishoni mwa habari.

"Lilikuwa igizo tu." Wanaosema hivi huuliza mbona kesi ya jinai dhidi ya waasi ilifutwa haraka hivyo. Kweli ilifutwa, siku chache baadaye. Lakini Agosti 23, miezi miwili kamili baada ya ule ujumbe wa Telegram, ndege iliyombeba Prigozhin na Dmitry Utkin, kamanda wake, ilianguka katika mkoa wa Tver. Watu wote 10 waliokuwemo walikufa, wakiwemo wahudumu wa ndege. Kremlin ilikana kuhusika.